Barua Yako Ilisomwa kwa Kipaza Sauti

Makoko, Musoma
Jumapili, 21 Juni 1987

Upepo umevuma kutoka ziwani tangu alfajiri, na jua limetoka bila nguvu. Nimerudi kanisani, nimekula, nimeosha vyombo, na sasa nimekaa nyuma ya nyumba na daftari letu la kuandikiana magotini. Nyafuru, nitakuambia yote. Nalisema hili mwanzoni kabisa ili nikifika mahali pagumu nisipate pa kukwepea.

Na wewe usiruke kurasa. Najua tabia yako ya kusoma mwisho kwanza.

Ulinipa barua nimkabidhi baba yako mkononi, mtu mwingine yeyote asiisome. Nilikuahidi. Jana barua hiyo ilisomwa mbele ya ukumbi mzima, na watu walicheka, na kosa ni langu.

Mwalimu wetu wa Kiswahili hutuambia tuandike kwanza tulichokiona, kisha ndiyo tuandike tunachokifikiri. Nitajaribu kufuata hivyo.

Wiki iliyopita walibandika tangazo kwenye ukuta wa duka la ushirika. Herufi zilikuwa nyekundu: MAWIMBI MWENYEWE, ANA KWA ANA, ONYESHO LA MCHANA, VIJANA WOTE KARIBUNI. Chini yake kulikuwa na picha ile ile tunayoijua, ya mtu aliyeinamia kipaza sauti, weusi mtupu, huwezi kujua pua yake imeishia wapi. Ndiyo picha pekee uliyo nayo wewe, ile ambayo bibi anaiweka ndani ya Biblia na kudhani hujaiona. Niliitazama mpaka muuza duka akaniuliza kama nimetumwa au nimepotea.

Mengine unayajua, lakini tulikubaliana daftari hili lisomeke hata tukiwa vikongwe, kwa hiyo nayaandika. Baba yako ni kaka wa mama yangu. Aliimba kwaya kanisani na mama, na bibi akadhani atakuwa mwinjilisti. Badala yake alikwenda Mwanza kuimba dansi kwenye bendi ya shirika la umma. Wewe ulikuwa na miaka mitatu. Alipewa jina la Mawimbi, na kuanzia hapo tulimjua kama watu wengine wote wanavyomjua, kwa redio. Mama yako alipoolewa tena, ukabaki na bibi Kiabakari. Nyumbani kwetu jina la mjomba halitajwi mezani. Lakini wimbo wake ukipigwa, mama anaacha anachofanya. Kama anachambua mchele, mikono yake inasimama juu ya ungo mpaka wimbo uishe.

Sasa nakiri jambo ambalo sikuwahi kukuambia.

Shuleni kwetu wasichana wanakata picha za waimbaji kwenye magazeti na kuzibandika ndani ya majalada ya madaftari. Wengine wanajua mwimbaji fulani anapenda kula nini, amegombana na nani, amehamia bendi gani. Mimi sikuwa na picha hata moja. Lakini siku moja kidato cha kwanza, nikiwa bado sina rafiki, nilisema Mawimbi ni mjomba wangu. Tangu siku hiyo niliitwa Nyangeta wa Mawimbi. Walinipa nafasi mbele kwenye foleni ya uji. Waliniuliza maswali na mimi nikajibu, Nyafuru, nikajibu maswali ambayo sikuyajua. Nilisema anapenda sato wa kukaanga. Nilisema ana viatu jozi kumi. Nilisema ananiandikia kila mwezi.

Wewe mwanawe hujawahi kupata barua hata moja, na mimi nilijiandikia kumi na mbili kwa mwaka.

Kwa hiyo jana sikwenda kwa ajili yako peke yako. Nilikwenda pia ili nionekane.

Nilimwambia mama nakwenda kwa Ghati kujisomea. Ghati ni yule ninayekaa naye dawati moja, unamkumbuka, mwenye maneno mengi. Njiani alikuwa ananichokoza tu.

"Leo tutajua kama ni mjomba wa damu au ni mjomba wa redio."

"Utanyamaza mwenyewe," nikamwambia.

"Akikuita jina lako nitakubebea vitabu mpaka mwaka uishe. Asipokuita, wewe utanibebea mimi."

Ukumbi ulijaa mapema. Bendi zinakuja huku miezi hii kwa sababu ya pamba ya Bunda. Wanaanzia Musoma, kisha wanafuata wakulima. Hii ya Mawimbi si ya shirika tena. Shirika lilishindwa kuiendesha, na sasa ni ya tajiri mmoja mwenye mabasi. Nilitazama vyombo vyao kwa karibu na nilishangaa. Gitaa moja lilikuwa na nyaya za breki ya baiskeli badala ya nyuzi. Ngoma ilikuwa imewambwa ngozi ya mbuzi na upande mmoja manyoya hayajatoka vizuri. Mashati yalishonwa kwa kitambaa cha mapazia, maua makubwa ya njano, na suruali zilikuwa za mitumba, kila mtu na rangi yake. Redioni huwezi kuyaona hayo. Redioni nilikuwa naona dhahabu.

Kando ya jukwaa, kwenye mashine ya umeme, alisimama mtu mwembamba mwenye koti kuukuu, amezungusha nyaya begani. Tulipojisogeza mbele alitunyooshea mkono.

"Wanangu, rudini nyuma kidogo. Msikanyage nyaya."

Sauti yake ilikuwa haitoki. Ilikuwa kama mtu anayenong'ona huku vumbi limemjaa kooni.

"Mzee, kunywa maji kwanza ndiyo utufukuze!" Ghati akamwambia.

Watu waliokuwa karibu wakacheka. Yule mtu naye akatabasamu na kuinama kuvuta waya.

Mimi nilicheka. Nimekuahidi yote, kwa hiyo na hili naliandika. Nilicheka.

Kisha mtangazaji akapiga kelele za jina, ukumbi ukasimama, na Mawimbi akatoka. Alikuwa kijana, Nyafuru. Nywele zake zilikuwa zimechanwa juu vizuri, meno meupe, hana hata mkunjo mmoja usoni. Alifungua mdomo na sauti ilikuwa ile ile. Ile ile kabisa, mpaka pale katikati ya ubeti anapokata pumzi kama mtu aliyekumbuka kitu.

Ghati akaniinamia. "Mjomba wako ana miaka mingapi?"

Nikamjibu kwamba watu maarufu hawazeeki kama sisi. Nikasema hawalimi, wanakula vizuri, na wanalala mpaka saa nne.

Ghati akakubali, na mimi mwenyewe nikajikubalia. Hesabu yake si ngumu hata kidogo. Mtu aliyekuacha na miaka mitatu, na leo una kumi na minne, hawezi kuwa na uso wa kaka wa Ghati. Lakini nilitaka baba yako awe yule aliye kwenye mwanga. Sikutaka kumtafuta mahali pengine.

Kuna desturi mbili za dansi, na ile nisiyoijua ndiyo iliyoniangusha. Ya kwanza ni kutunza: mtu akifurahi anakwenda mbele na kumbandika mwimbaji noti kwenye paji la uso. Hiyo niliwahi kuisikia. Ya pili ni karatasi za kutajwa. Ukitaka jina lako lisemwe katikati ya wimbo, unaliandika kwenye karatasi, unampa mwimbaji, naye anasoma kwa kipaza sauti: kwa heshima ya bwana fulani, dereva hodari, na mke wake. Yule aliyetajwa anasimama, anazunguka, anapunga mikono, na watu wanampigia vigelegele. Nilipoangalia vizuri niliona wengi hawakuja kumsikiliza Mawimbi. Walikuja kusikia majina yao mdomoni mwa Mawimbi. Hilo liliwatosha kabisa.

Nami nikaingia kwenye foleni ile, nimeshika barua yako kifuani. Nilipofika mbele, nikaiweka mkononi mwake na kusema, "Imetoka kwa mwanao." Muziki ulikuwa mkubwa. Alinitikisia kichwa kama alivyowatikisia wote, nikarudi nyuma kwa furaha. Nilidhani nimeimaliza kazi uliyonituma.

Akaifungua palepale.

"Kwa heshima ya..." akaanza, akitafuta jina. Kisha akasoma kilichokuwepo. "Baba yangu mpendwa. Mimi ni Nyafuru, wa Kiabakari."

Watu wakapiga mayowe. Akacheka na yeye. Nadhani angeishia hapo kama wasingemshangilia, lakini walimshangilia, na mtu wa jukwaani akishangiliwa hawezi kunyamaza. Akaendelea. Alisoma kwamba uko darasa la saba. Alisoma kwamba unaandika kwa mkono wa kushoto kama yeye, na kwamba mwalimu alikuchapa mpaka akakata tamaa. Alisoma kwamba huhitaji viatu wala nguo, unataka tu kujua kama anakumbuka una kovu wapi.

Sauti zilitoka kila upande.

"Toa matunzo, baba!"

"Mawimbi yamefika mpaka nchi kavu!"

"Kovu liko wapi? Tuambie!"

Na yeye akasema, "Jamani, mimi hata mke sijaoa! Huyu mtoto ananizidi umri!"

Ukumbi mzima ulicheka. Nilikuwa nimesimama katikati yao na siwezi kupita mbele wala nyuma. Nilipiga kelele, "Basi! Basi!" Hata Ghati aliyekuwa karibu yangu hakunisikia.

Ndipo kipaza sauti kikafa.

Gitaa likafa, taa za jukwaani zikazima, ikabaki ngoma peke yake inapigwa, kisha nayo ikaacha. Yule mtu mwembamba alikuwa amesimama kwenye mashine, ameshika waya aliouchomoa. Ameushika kwa mkono wa kushoto.

Meneja akapiga kelele kutoka mlangoni. "We Majura! Rudisha umeme! Majura, umerukwa na akili?"

Majura. Jina linalomtoka mama akiwa usingizini.

Alipanda jukwaani taratibu, kama mtu anayekwenda kuzima taa chumbani kwake. Alimnyooshea yule kijana kiganja. Kijana alimtazama, na kicheko chote kikamtoka usoni. Aliikunja barua vizuri na kumpa kwa mikono miwili.

"Samahani, kaka," alisema. "Sikujua. Nisamehe, kaka."

Baba yako aliipokea. Alishuka na kutoka kwa mlango wa nyuma, na umeme aliurudisha mtu mwingine.

Nilimfuata.

Alikuwa ameegemea gari lao la vyombo, anaisoma barua. Aliisoma yote, akarudi mwanzo akaisoma tena, midomo inatembea. Ndani wimbo ulikuwa umeanza upya. Ni wimbo wake, anaimba mtu mwingine kwa jina lake, na yeye amesimama nje upande wa ukuta.

Nikapiga goti kidogo nikamwamkia. "Shikamoo, mjomba."

Alishtuka. "Marahaba. Wewe ni nani?"

"Nyangeta. Mtoto wa dada yako, wa Makoko."

Alinitazama usoni. "Umechukua macho yake," akasema. "Mama yako anaimbaga bado? Alikuwaga na sauti ya pili nzuri sana."

"Anaimba kanisani."

"Vizuri. Vizuri sana." Kisha akaonyesha barua. "Na huyu, anaandikaga vizuri hivi siku zote?"

"Siku zote, mjomba. Ananishinda."

Nilimwomba msamaha kwa kuitoa barua kwa mtu asiye yeye, na kwa kucheka pale mwanzoni. Alisema hakusikia kicheko changu. Nadhani alikuwa ananihurumia.

Aliniambia habari zake kwa ile sauti ya vumbi, nami nikawa nasogea karibu ili nisikie. Miaka minne iliyopita kitu kilimwota kooni. Hospitali walikitoa, na sauti ikaenda nacho. Bendi ilikuwa ndiyo kwanza imenunuliwa. Tajiri alimwambia pole sana, lakini jina limeshachapwa kwenye matangazo, na jina haliwezi kulazwa hospitali. Jina lilikuwa la bendi tangu mwanzo, hata kwenye karatasi aliyotia sahihi akiwa kijana. Basi wakamtafuta kijana mwenye koo linalofanana na lake, na baba yako akaambiwa amfundishe. Akikubali, atabaki kama fundi wa nyaya. Akikataa, aende.

"Nilimfundisha miaka miwili," akasema. "Ni mtoto mzuri, usimchukie. Hata pale nilipokuwa navuta pumzi, na yeye anavuta."

"Lakini watu wanajua ni wewe."

"Nani anajua? Wananijua sura? Walinijua kwa redio." Akatabasamu. "Ile sauti Nyafuru anayoisikia, na mimi naisikiaga kwa redio vilevile. Ninasimama dukani kama wateja wengine, nasikiliza."

Nyafuru, hapa ndipo penye maneno niliyotaka kuyaruka. Nimeshaweka kalamu chini mara mbili.

Nilimuuliza kwa nini hakurudi nyumbani. Akasema kila msimu wa pamba wanapita Kiabakari, kwenda na kurudi. Yeye hukaa nyuma, juu ya maspika, na analiona paa la bibi. Mwaka juzi alimwona msichana kisimani na akajua ni wewe kwa sababu ulivuta kamba kwa mkono wa kushoto. Hakumwambia dereva asimame.

Alipita.

Nilikasirika sana. Sijawahi kumsemesha mtu mzima vile. Nilimwambia, "Mjomba, kuanzia barabarani mpaka kisimani ni hatua mia mbili. Hukuwa na miguu?"

"Miguu nilikuwa nayo. Niende kama nani? Niliondoka kwa ubishi, nikamwambia mama yangu nitarudi mkubwa. Mtoto anamsikia Mawimbi kwa redio. Nikimtokea hivi ninavyoongea, si nitakuwa nimemwibia hata huyo?"

"Bibi anaiweka picha yako kwenye Biblia," nikasema.

Aligeuka upande wa gari na kukaa hivyo. Mabega yake ni membamba sana, Nyafuru. Nilitazama chini ili nisimwone.

Meneja akaja akamkuta hivyo. Hakujali kwamba nipo. Alimwambia kuchomoa umeme mbele ya watu waliolipa ni kosa la mwisho, wakishamaliza Bunda asipande gari la kurudi Mwanza. Baba yako akasema, "Sawa, bosi," kama mtu aliyeambiwa ahamishe kiti.

Nakuandikia hili kwa makusudi. Sitaki uje ujue baadaye kutoka kwa watu. Sitaki uone kwamba anarudi kwa sababu ya barua yako peke yake, wakati amefukuzwa kazi pia. Nilimuuliza waziwazi: kama meneja asingekufukuza, ungeshuka Kiabakari safari hii?

"Sijui, mwanangu," akasema. "Ningependa kukuambia ndiyo."

Nilimheshimu kwa jibu hilo, ingawa limeniuma tangu jana.

Mahali pa kwenda anapo. Kuna fundi redio Bunda anayemfahamu, amemwambia anaweza kufanya kazi kibandani kwake. Kwa hiyo si kwamba usipomtaka atalala njiani. Usibebe hilo moyoni. Aliniambia mwenyewe nikuandikie hivyo: kwamba usimhurumie. Akasema wataondoka Jumatano asubuhi, na safari hii hatapita kama mwizi, wala hatakutokea kwa nguvu. Wewe ukisema asimame, atamwambia dereva asimame hotelini pale Kiabakari, ashuke hata kwa saa moja, bendi itangulie, yeye atafuata kwa gari lolote. Ukisema apite, atapita, na hatakusumbua tena.

Nilimwambia si haki kumtwika mtoto uamuzi kama huo. Akasema, "Najua. Lakini safari zote zile niliamua mimi, na nikaamua vibaya."

Tulipoagana aliniagiza jambo moja. "Mwambie kovu liko chini ya goti la kulia. Alianguka kwenye jiwe la kusagia siku aliyojifunza kukimbia. Nilimbeba mimi mpaka zahanati, na njia nzima nilikuwa namwimbia."

Jana jioni redio ya jirani ilipiga wimbo wake kwenye kipindi cha salamu. Mtangazaji alisoma kadi za watu wa Tarime, Mugumu, Ukerewe, wote wanawasalimu ndugu zao, na akamalizia kwa kumsifu Mawimbi mwenyewe. Nilitoka nikaenda kukaa ziwani mpaka wimbo ukaisha. Miaka yote tumempenda mtu tuliyeletewa na redio, tukagombania hata viatu vyake tusivyoviona, na aliyekuwa na ile sauti alisimama mbele yangu akiniomba nisikanyage nyaya. Shule ikifunguliwa wataniuliza. Nitawaambia mjomba wangu ni yule fundi wa nyaya, na zile barua kumi na mbili ni uongo. Nadhani nitarudi mwisho wa foleni ya uji.

Leo baada ya ibada nilimweleza mama yote, pamoja na kumdanganya kuhusu Ghati. Alikuwa anaparua samaki. Siku hizi ni sangara tu, wale furu wadogo hawapatikani tena, na anawaparua kwa nguvu kwa sababu magamba yao ni magumu. Hakunigombeza. Aliparua mpaka samaki akaisha.

"Amekonda?" akauliza.

"Amekonda, mama."

"Alikuwaga mnene. Tulikuwaga tunamtania." Alinawa mikono. "Jumanne ukienda utampelekea chakula. Mwambie ni mimi nimepika."

Nikamuuliza, je, nimwandikie Nyafuru amkubali? Akasema, "Hilo ni la Nyafuru. Usimsukume. Na asipotaka, mtu yeyote asimwambie ana roho mbaya."

Kwa hiyo sikusukumi. Nimekuandikia anavyoonekana, anavyoongea, na alichokosa. Ninaweza tu kukuambia kwamba alipoisoma barua yako mara ya pili, alikuwa anaifuata mistari kwa kidole cha mkono wa kushoto, na alipofika mwisho aliikunja akaiweka ndani ya shati, upande wa ngozi. Sijui kama hilo linatosha kwa miaka kumi na moja. Mimi si mwanawe.

Kesho ni siku ya mnada Butiama na najua utakuwa huko na bibi mpaka jioni. Kondakta wa basi ataliacha daftari kwa mama wa hoteli, limefungwa kwa kamba, ulichukue ukirudi. Andika hapo chini, nimekuachia nusu ukurasa. Hata neno moja linatosha. Gari la Jumanne mchana lilirudishe, na mimi nitakuwa stendi nalisubiri, kwa sababu jioni hiyo hiyo lazima niende ukumbini nikampe jibu lako.

Nyafuru, nimwambie nini: dereva asimame, au apite?